Jicho la Mpasuaji

Katikati ya upasuaji, jicho la roboti likafa. Mikono yake minne ya chuma ikatulia juu ya kifua cha mgonjwa kilichokuwa wazi, bila kutetemeka. Muuguzi alipofumbua kinywa apige kelele, jicho lilikwisha kufufuka na kazi ikaendelea.

Mgonjwa alipona. Habari hizo zilimkuta Salome Mbwilo nyumbani kwake Makambako, akichambua mchele. Aliyepiga simu alikuwa Nehemia, fundi wa mitambo wa hospitali ulikofanyika upasuaji huo.

"Ahsante, mama. Kiini chenu kimeokoa mtu."

Salome aliitikia kwa sauti isiyo na furaha. Kwa miaka mingi yeye na wenzake wa kujitolea walikuwa wameunda Punje, mfumo endeshi huria, programu ya msingi ambayo yeyote aliweza kuitumia na kuirekebisha bure, na ambayo sasa iliendesha roboti wapasuaji wa nchi nzima. Mifumo mingine ilirundika kila kitu ndani ya kiini, sehemu ya katikati inayotawala mashine, kimoja kikubwa. Kitu kimoja kikianguka, vyote huanguka. Kiini cha Punje kilikuwa kidogo mno, kazi yake kupitisha ujumbe na kulinda mipaka tu. Jicho, mkono, pampu, kila kimoja kilikuwa na programu yake, imefungiwa chumba chake. Ikifa, huwashwa upya peke yake.

"Lakini jicho linakufa mara kwa mara siku hizi," Nehemia akaongeza. "Iko siku litachelewa kufufuka. Mtalirekebisha lini?"

Programu ya jicho ilikuwa ya Yusto Kihwele, wa mwisho kubaki na Salome. Wengine walishaondoka mmoja mmoja, hoi. Naye Yusto alikuwa kimya tangu mwezi uliopita. Salome akavaa viatu, akamfuata kwake.

Atupele, mke wa Yusto, alifungua mlango nusu. "Dada Salome, kama ni ile kazi, rudi. Amepata kiharusi. Mkono wa kulia hauinuki."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alinikataza. Alisema utavunjika moyo."

Yusto alikuwa amelala chali, mdomo umekwenda upande. "Jicho... bado linasumbua?"

"Limepona," Salome akamdanganya. "Pumzika."

Uso wake ukalegea, akapitiwa na usingizi palepale.

Salome alitoka nje, akampigia Nehemia. "Zimeni roboti yenu. Naziandikia na hospitali nyingine zote."

"Mama! Kesho kuna mtoto anapasuliwa moyo. Madaktari wa kupasua kwa mikono yao wamebaki wachache mno, atasubiri hadi lini? Huwezi kulitengeneza wewe?"

"Naweza. Nitalitengeneza vibaya, maana nimechoka, kisha atalala chini yake mtoto huyohuyo. Kila hospitali initolee mtu mmoja nimfundishe. Mpaka hapo, zima."



"Nitazima," Nehemia alisema. "Na kwetu, huyo mtu niandike mimi. Nianzie wapi?"

Salome alikaa kwenye ngazi.

"Zungumza kwanza na wazazi wa mtoto," alisema. "Halafu nenda kalale. Tutaanza kesho."