Rafu Nyembamba na Mstari wa Chaki

Haya ni kweli tupu, tangu neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Mkikuta humu uongo hata wa ukubwa wa chembe ya vumbi la msumeno, nipewe msasa nisugue rafu zote za karakana.

Kila Jumamosi Kisirani aliamshwa na msumeno wa shangazi yake. Shangazi alikuwa seremala, na sauti yake ilikuwa kali hivi kwamba mbao zikimsikia tu hujiranda zenyewe. Kisirani, binti wa miaka kumi na miwili, alifagia, akapanga mbao kwa unene, kisha akasimama upande wake wa meza.

Ndiyo, upande wake. Meza ilikuwa imechorwa mstari wa chaki katikati. Ng'ambo ya pili alitawala Nyodo, binti wa Shangazi, rika lake. Tangu Nyodo alipoanguka na stuli aliyoiunda Kisirani, hawakuzungumza ila kwa kuchomana kwa maneno.

"Rafu ya darasa la watoto wadogo inachukuliwa leo alasiri," Shangazi alisema Jumamosi moja. "Binti wa kaka yangu, utaiunga wewe, peke yako. Ukiiharibu, hushiki tena drili yangu mpaka uote mvi."

Miaka miwili Kisirani alikuwa ameshika ufagio na nyundo tu. Drili ile aliiota hata usingizini.

"Mbao ni nyembamba, nusu inchi," Shangazi aliongeza akitoka. "Pima kabla hujatoboa!"

Kazi yenyewe ilitaka utulivu. Unatoboa tundu la mshazari chini ya rafu, kisha skrubu inapita humo kwa kulala na kuingia ubao wa pembeni, isionekane kwa mbele. Pete ndogo kwenye keekee, ule ulimi wa drili unaotoboa, ndiyo inayoamua kina cha tundu. Jana pete ile ilikuwa imefungwa kwa ajili ya fremu nene ya mlango, na Kisirani hakuisogeza. Tena upande wake kulikuwa na skrubu ndefu peke yake. Kopo la skrubu fupi lilikuwa kwa Nyodo.

Alilitazama kopo. Nyodo akamtazama yeye.

"Unataka kitu, fundi?"

"Kwako wewe? Heri niunge kwa mate."

"Haya, tema basi."

Kisirani akafunga zile ndefu. Skrubu ya kwanza ikatokeza upande wa pili wa ubao kwa kasi, ikamnasa jogoo wetu aliyekuwa akipita, na jogoo akasahau kuwika siku tatu. Za pili, tatu na nne nazo zikachungulia nje kama meno ya panya.

Nyodo akaangua kicheko. "Rafu yako inacheka nami!"

Kisirani akakata ncha kwa koleo, vikabaki visiki vikali. Akakoroga gundi na vumbi la mbao, akavifunika, akapaka rangi ya mbao juu. Kwa macho, rafu ilikuwa safi kama yai.

Alasiri Shangazi alirudi. Hakutazama rafu. Kwa desturi yake, kazi haikutoka mlangoni kabla hajaipitishia kiganja, macho amefumba. "Macho hudanganywa na rangi," alizoea kusema. Akaanza juu. Kiganja kikateremka ubavuni, polepole, kikikaribia kisiki cha kwanza.

Kisirani akinyamaza, huenda gundi ikashika na drili ikawa yake. Ikiachia, kiganja kitachanika. Na kama si cha Shangazi leo, basi cha mtoto mdogo kesho.

"Shangazi, usipitishe mkono! Kuna skrubu humo. Nimezificha!"

Kiganja kikasimama. Shangazi akakwangua kwa patasi, kisiki kikatokea.

"Hebu niambie, ulipima?"

"Hapana."

"Skrubu fupi hukuziona?"

"Zilikuwa ng'ambo ya mstari."

Shangazi akageuka. "Nawe Nyodo, ulimwona?"

Nyodo akainamisha kichwa. "Nilimwona, mama. Na pete nilijua haijasogezwa."

"Hivyo ninyi wawili mlikubali watoto wachanike, ili mstari wenu usivukwe!" Shangazi akalowesha tambara, akaufuta mstari kwa mkupuo mmoja. "Ng'oeni ubao wa pembeni. Mmoja apime, mwingine atoboe. Wanaoichukua nitawaomba waje kesho, na asubuhi niikute imekwisha."

"Nipe kopo," Kisirani akanong'ona.

"Sema tafadhali."

"Tafadhali, mdudu wee."

Kopo likasukumwa. Pete ikasogezwa, skrubu fupi zikalala ndani kimya, bila kuchungulia popote.

Asubuhi Shangazi alipitisha kiganja juu hadi chini, akakitazama. Kilikuwa kizima. Akamkabidhi Kisirani drili.

"Usidhani umeipata kwa ufundi. Umeipata kwa sababu ulisema kabla ya damu. Kosa lililofichwa ni kama skrubu ndefu kwenye ubao mwembamba: ulifunike utakavyo, ncha yake itatafuta ngozi ya mtu."

Hapo ningeishia, lakini Kisirani alikuwa nyuma ya kiti changu akisoma ninayoyaandika.

"Babu, jogoo yupi? Hatujawahi kufuga hata kifaranga!"

"Na mbao hazijirandi," Nyodo akadakia. "Mimi ndiye ninayeziranda."

Basi nimekabidhiwa msasa. Nimekwisha kusugua rafu mbili. Binti yangu seremala amepitisha kiganja, macho amefumba, akasema neno moja tu:

"Rudia."