Kamba Ukutani kwa Generoza

Niapie kwanza kwamba hutasema umeyasikia kwangu, hata kwa mumeo. Umeapa? Basi nami nilimwapia Zipora hivyohivyo, na mdomo wangu huu hapa umeshafunguka.

Generoza, yule Mama Vumilia, anauza chai na ugali machimboni Mwakitolyo. Mwaka jana mvua ilijaza maji kwenye duara, lile shimo la dhahabu alilochimba mumewe Wilbard. Wanne walitoka kwa kamba, Wilbard hakuonekana. Mwenye duara, Stanslaus, akaapa kwamba Wilbard hakushuka siku ile, katorokea Kharumwa na kimada. Kwa neno hilo ukweni wakakataa kuweka matanga. Mwaka mzima Generoza hajui avae nyeusi au asubiri.

Mchoraji mmoja wa Ngokolo akamchorea mafuriko yale ukutani mwa mgahawa wake: maji yanapanda, mtu ananing'inia kwenye kamba, na juu mwingine kainama, mikono yake kwenye kamba hiyohiyo.

"Anamvuta," alisema Zipora, mteja wake wa kila siku. "Binadamu kayashinda maji. Ndiyo maana yake."

"Mbona miguu ya huyu wa juu imekaa kama ya mtu anayetaka kukimbia?" Generoza akauliza.

Stanslaus akacheka na tonge mdomoni. "Mama Vumilia, rangi hiyo! Unaisoma kama misale ya kanisani?"

Kesho yake ukuta ulikuwa umelowa, pale tu penye picha, na ni Agosti, kiangazi kikavu. Generoza akaufuta. Ukalowa tena. Harufu ya tope la duara ikaingia hadi kwenye unga. Halafu mchana, wateja wakiwa wanakula, ndani ya ukuta kukagongwa: ngo, ngo, ngo.

Mke yeyote wa mchimbaji anajua. Aliye chini akigonga magogo yanayoshikilia shimo mara tatu, anaomba avutwe.

"Umesikia?" Generoza alinong'ona.

"Sijasikia, na wewe hujasikia," Zipora akamjibu, chai ikimmwagikia mapajani. "Jini la duara hilo. Usilijibu, mayu wane, mama yangu!"

Generoza akachukua mwiko, akagonga ukuta mara tatu kujibu. Stanslaus aliacha ugali wake nusu, akatoka bila kunawa.

Jumapili, watu wakitoka misa, Generoza akiwemo, wakasikia mtu analia ndani ya mgahawa uliofungwa kwa ndani, wakavunja mlango, na harufu ya tope ikawapiga usoni, na maji yakawapita miguuni, baridi kama ya kisimani, na pale ukutani wakamwona Stanslaus, panga mkono wa kulia, ameikatakata picha, na mkono wa kushoto umezama kwenye ukuta hadi kiwiko, anavuta na hautoki.

"Niachie, Wilbard! Maji yangenifikia na mimi! Ningefanya nini? Niliikata, ndiyo, niliikata!"

Hapo ukuta ukamtema. Kwenye tundu ikaning'inia kamba ya katani, ya kweli, imelowa, ncha yake imekatwa sawasawa kwa panga.

Kanisa zima limesimama mlangoni.

Ngo, ngo, ngo.

Generoza akavua viatu, akaishika kamba kwa mikono miwili, akavuta.

Ilikuwa nzito.