Abee ya Emiliana

Muuguzi aliita, "Emiliana!" na Emiliana akasikia sauti yake mwenyewe ikiitika, "Abee!" Shida ni kwamba hakuwa amefungua mdomo.

Na asingeweza. Ugonjwa wake, ule ambao madaktari waliwaitia wanafunzi waje kuutazama kama twiga aliyeingia sokoni, ulichosha misuli: asubuhi ana nafuu, mchana kope zinaanguka na sauti inazimika, jioni mwili wote umekwisha nguvu. Na kliniki ya marudio tunaijua sote, mtu anafika alfajiri halafu anaitwa mchana.

Alijikokota hadi mlangoni. Muuguzi akashangaa, si ametoka humo sasa hivi? Daktari naye akatoka anatabasamu, akampa hongera: mikono ameinyoosha bila kutetemeka, amehesabu bila sauti kukatika, amepona, vidonge basi. Dawa yenyewe ni ya kutafuta kwa tochi, wapewe wanaoumwa. Emiliana akalishika koti la daktari, midomo ikacheza bila sauti. Daktari akadhani anashukuru. Chumbani mule mlinuka mvua, na ulikuwa mwezi wa nane, Dodoma vumbi tupu.

Harufu ile ilimfuata hadi nyumbani Area D. Jioni mumewe, Gerson, aliita kutoka sebuleni, na jikoni kukaitika, "Abee, mume wangu." Emiliana alikuwa kitandani. Alisikia masufuria yakigongana, kisha Gerson akicheka na mtu, kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu augue, na jamani, kilimuuma kuliko ugonjwa.

Mama mkwe wake, Loisi, alipokuja kutoka Mpwapwa alisimama mlangoni akanusa, wala hakungoja shikamoo. Alimfuata mkwewe chumbani, akanong'ona.

"Umewahi kuitwa ukashindwa kuitika?"

Emiliana akainamisha kichwa.

"Basi kuna jini limeitika badala yako. Siku Gerson akikuita, wewe uwahi kuitika kabla ya hilo jini, litatoka. Ukishindwa, mwanangu, litachukua nafasi yako yote."

Awahi! Kwa sauti ipi? Mama mkwe alikuwa na nia njema, lakini ilikuwa kama kumwambia mwenye njaa ashibe kwanza ndipo ale. Hata hivyo alikuwa na akili: alimkalisha mwanawe chini, akamwagiza amwite mkewe asubuhi, wakati sauti ingalipo. Gerson akaitikia ndiyo mama, na Loisi akarudi Mpwapwa na moyo mwepesi.

Asubuhi Emiliana aliamka mapema, akakaa kitako kitandani, tayari. Gerson alivaa viatu, akaenda zake karakana kule Kizota bila kuita. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu pia. Vidonge vya akiba vikaisha, na sauti ya asubuhi nayo ikaisha.

Ikafika jioni ambayo kifua kilianza kugoma kuvuta hewa, na harufu ya mvua ikawa nzito chumbani hadi shuka zikawa kama zimelowa, na Emiliana akasikia pikipiki ya mumewe ikizimwa nje, na mlango ukifunguliwa, na jina lake likiitwa, naye akakusanya kila pumzi aliyobakiwa nayo akaisukuma kooni, ikafika kwenye midomo ikafia hapo, na jikoni, bila haraka yoyote, kukaitika, "Abee."

Gerson hakwenda jikoni. Alikuja chumbani, akasimama mlangoni, anatazama sakafu.

"Najua wewe ni wewe," alisema kwa sauti ya chini. "Na mama alinieleza nifanye nini. Asubuhi zote hizo nilikuwa najua."

Emiliana alinyoosha mkono. Ulianguka kabla haujafika popote.

"Nimechoka kuita mtu asiyeitika, Emiliana. Nisamehe."

Akaurudisha mlango taratibu. Huko jikoni aliulizwa kama atakula sasa au ataoga kwanza, naye akajibu kwa upole kwamba ataoga kwanza.