Mlango wa Bibi Qiao

"Kunguru ametua kwa Mzee. Mchome."

Redio ya jasusi wao aliyekuwa mjini ikakata.

Xun Caifeng, mwinda majasusi wa Jenerali Geng Boshan, akausukuma kando uji wake uliokuwa ukifuka moshi. Mzee ni Jenerali. Kunguru ni muuaji aliyetumwa na serikali.

Lakini kunguru yupi?

Wageni wa jana walikuwa watatu: wajumbe wawili, na Shitou, mwana wa Jenerali. Huyo aliachwa kwa wakulima akiwa mchanga, jeshi lilipokuwa likikimbia kuokoa roho. Alirudi akisema amepigana miaka minne bega kwa bega na wapiganaji wetu wa msituni. Jenerali alikuwa mchunga nyumbu wa mizigo kabla ya kuwa jenerali, na siku mkewe alipokatwa kichwa na serikali hakutoa hata chozi. Jana alilia mbele ya kikosi kizima.

Caifeng akakagua bastola yake ya Mauser na kutoka mbio.

Bibi kizee akamzibia njia.

"We binti! Mlango wangu uko wapi?"

"Nina haraka, Bibi Qiao."

"Hata kuku wangu wana haraka, wamenipandia mpaka kitandani! Kijana wenu kaulalia, kaamka kauacha kwenye matope. Ndilo jeshi la wananchi hilo?"

"Kijana yupi?"

"Si huyo mtoto wa mkubwa wenu!"



Katika jeshi lile, mlango wa kuazima ndio kitanda, na asubuhi unarudishwa kwenye bawaba zake kabla hujanawa uso. Kuruta hufunzwa hilo kabla ya bunduki. Mtu aliyepigana miaka minne hasahau.

Caifeng akampokonya mlinzi wa karibu simu ya waya.

"Chumba cha Mzee!"

"Anakunywa uji na mwanawe," akajibu mpokea simu. "Kasema asisumbuliwe."

"Walinzi?"

"Kawatoa nje."

Alikimbia kama mwehu.

Akaupiga teke mlango wa Mzee. Jenerali alikuwa amempa mgongo mwanawe, akimchagulia pilipili iliyoiva vizuri. Nyuma ya kisogo chake, bastola ya Browning mkononi mwa Shitou.

Mauser ikabweka mara mbili.

Shitou akaanguka juu ya bakuli. Bado alikuwa hai.

"Baba," akanong'ona.

Jenerali akainama, akalishika sikio la kijana na kulitazama.

"Kovu hili nilimtia mimi, kwa jembe. Ni damu yangu kabisa."

"Maadui walimpata, wakamlea wao, Jenerali."

"Na wamemlea vibaya. Risasi ya karibu hivi, na bado anasita!" Akanyooka. "Maliza."

Caifeng alimchukia mzee yule kwa neno lile. Akamaliza.

Askari wakaja na machela waliyoiokota njiani: ubao mpana, wenye matope. Wakamlaza maiti juu yake.

"Huo ni mlango wa nani?" akauliza Jenerali.

"Wa Bibi Qiao."

"Mteremsheni. Atabebwa mgongoni. Mali ya watu irudi ilikotoka."

Akakaa, akaendelea na uji wake. Kijiko kiligonga meno, lakini hakukitua.

Caifeng aliuosha mlango mtoni, akaubeba mwenyewe na kuupachika kwenye bawaba zake. Bibi Qiao akaufungua na kuufunga, kisha akagusa doa lililogoma kutoka.

"Mmechinja?"

"Tumechinja, Bibi."

"Na nyama hamniletei, wachoyo nyie!"

Caifeng akairudisha Mauser kiunoni na kwenda zake. Uji wake ulikuwa bado vuguvugu.