Nani Anaendesha Timu ya Munyi?

"Shem, kuja uone hii kitu."

Mutegi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, simu ya marehemu kaka yake mkononi. Mimi nilikuwa nachagua maharagwe. Simu ya Munyi, mume wangu, tulikuwa bado hatujaizima, kwa sababu watu wa kiwanda cha kahawa alikokuwa akifanya kazi waliendelea kupiga.

"Ni nini?"

"Munyi amefanya transfer."

Munyi tulikuwa tumemzika mwezi wa kwanza, chini ya shamba, na sasa mvua za Aprili zilikuwa zimeanza.

"Mutegi, usinichezee."

"Sikuchezei. Soma mwenyewe."

Munyi alikuwa mtu wa fantasy. Ni ule mchezo wa simu ambapo unachagua wachezaji kumi na watano wa ligi ya Uingereza, na kila wiki wakifanya vizuri uwanjani wewe unapata pointi. Kila wiki unaruhusiwa kumtoa mmoja na kumwingiza mwingine. Hiyo ndiyo transfer. Usipoitumia, inawekwa akiba. Yeye na wenzake walikuwa na ligi yao ndogo na kundi la WhatsApp, watu wa kutoka Kangeta mpaka Embu. Nilisoma.

Kiunga: "Wazee, ni macho yangu ama Munyi ameuza beki?"

Misheck: "Macho yako ni mazima. Na ameweka kapteni mpya."

Kiunga: "Ametupita sisi wote, ndiyo maana nimechungulia timu yake. Mimi hapa Kangeta nafunga miraa huku nawaza fixtures za Jumamosi, na mtu yuko kaburini ananishinda!"

Misheck: "Chairman, heshima."

Kiunga: "Naomba msamaha. Lakini mwenye anaendesha hiyo timu ajitokeze kabla ya dedlaini ya Jumamosi. La sivyo tunaitoa kwa ligi."

Nilirudisha simu kwa Mutegi. Mikono yangu ilikuwa na vumbi la maharagwe.

"Shem, wewe ulipewa password?"

"Hapana."

"Mimi ndugu yake wa tumbo moja sikupewa. Basi kuna mtu alipewa." Akabonyeza bonyeza simu, akanionyesha tena, sasa orodha ya simu alizopiga Munyi. "Angeline Nchiru. Kila Ijumaa. Hata ile Ijumaa ya mwisho, akiwa wodini. Sitaki kukuumiza, shem, lakini Munyi alisomea chuo huko Nchiru. Mwanaume hapigii msichana kila Ijumaa kumuuliza kama mvua imenyesha."

"Mama asisikie hayo maneno."

"Mama ameshasikia. Ni mimi nilimwambia."

Nilimnyang'anya simu, nikashuka kwa shamba la kahawa mahali ambapo hakuna mtu angenisikia, nikapiga ile namba. Iliita sana. Ikashikwa, lakini mtu hakuongea. Nilisikia mashine ikitoa karatasi, halafu ikazimwa.

"Nani ako na hii simu?" Sauti ya mwanamke, imekauka.

Hapo ndipo nilielewa alichokuwa ameona kwenye kioo cha simu yake: jina la Munyi, linapiga.

"Ni mke wake."

"Wambeti."

"Unanijua?"

"Nakujua."

"Mimi sikujui. Ni wewe unaendesha timu yake?"

"Ni mimi."

"Ulimwibia password ama alikupatia?"

"Alinipatia mwenyewe."

"Kwa nini wewe?"

"Hiyo si ya kuongea kwa simu. Kuja Nchiru, ama nikuje Embu."

"Huku usikuje," nilimwambia. "Huku ni kwangu. Nitakuja mimi."

Jumamosi asubuhi mama mkwe alinikuta nikifunga kitambaa kichwani.

"Ukimpata utafanya nini?"

"Nitamwangalia, Mama."

"Mwangalie basi. Lakini usimpige. Mtoto wangu nimeshamzika. Usimfukue kwa mikono yako."

Nilikuwa nataka kujua kitu kimoja tu: kama ile miaka yote niliyolala kando ya Munyi, alikuwa wangu.

Kibanda cha Angeline kiko mbele ya hosteli za wanafunzi. Anapiga chapa, anatoa kopi, anafunga vitabu. Nilikuwa nimetengeneza msichana kichwani mwangu, mwembamba, wa kucha ndefu. Nilimkuta mwanamke wa rika langu, amevaa sweta nzito, vidole vimeingia wino mweusi. Alinitambua kabla sijasalimia, akanivutia stuli.

"Madam, proposal yangu imefika wapi?" msichana mmoja aliuliza dirishani.

"Felicitas, zunguka kidogo urudi. Niko na mgeni."

"Lakini madam, supervisor ananingoja!"

"Amekungoja muhula mzima, hawezi kukosa kungoja saa moja. Enda."

Akafunga nusu ya dirisha, akakaa. Mimi sikukaa.

"Ulikuwa mpenzi wake?"

"Hapana."

"Sijatoka Embu kuja kudanganywa."

"Sikudanganyi. Nilimpenda. Tangu mwaka wa pili wa chuo. Sikuwahi kumwambia, na kama alijua, hakuwahi kunionyesha kwamba anajua. Hiyo ndiyo yote, Wambeti. Ukitaka kunitukana, nitukane kwa hiyo."

Nilikuwa nimekuja na matusi ya kutosha. Sikupata hata moja la kuanzia.

"Na kila Ijumaa?"

"Fantasy. Wale wengine wote kwa ligi wanaangalia mechi ya kesho. Mimi na Munyi tulikuwa tunapanga mbali. Mwezi wa kumi yeye alikuwa ananiambia mambo ya Aprili. 'Angeline, usiguse wildcard. Ngoja zile wiki timu zinacheza mara mbili.'"

"Wildcard ni nini?"

"Ni ruhusa ya kubadilisha kikosi chote bila kukatwa pointi. Watu huitumia wakishikwa na hasira. Munyi hakuwa na hasira. Alikuwa anaweza kukaa na transfer zake akiba mpaka wewe unaanza kuumwa na kichwa kwa niaba yake."

Nilikaribia kucheka. Ni kweli. Hata kunioa alipanga hivyo hivyo.

"Na mkimaliza mambo ya mpira?"

"Tukimaliza alikuwa ananiambia habari zako." Alikuwa anakwangua wino kwenye kidole gumba. "Najua huli mukimo ya viazi ikilala mpaka asubuhi. Najua ulimkataa mara mbili. Najua ukikasirika unafagia uwanja hata kama ni safi. Wambeti, unafikiri ilikuwa tamu kuskia? Nilikuwa naskiza kwa sababu akiongea habari zako sauti yake inabadilika, na mimi niliipenda hiyo sauti, hata kama haikuwa yangu."

Nilikaa kwenye stuli.

"Kuzika hukukuja."

"Ningekuja kama nani?"

Dirishani kivuli cha Felicitas kilipita, kikachungulia, kikaenda.

"Niambie kwa nini alikupatia wewe," nilisema. "Mimi nilikuwa pale pale kando ya kitanda. Angeniambia mimi."

"Alinipigia ukiwa umeenda kumletea uji. Sauti ilikuwa imeshuka sana. Nikamuuliza, kwa nini usimpe Wambeti? Akasema, 'Wambeti hataweza kuuza hata mmoja. Ataiacha vile niliiacha, halafu kila Ijumaa aifungue akilia. Sitaki timu yangu ikuwe kaburi lingine. Wewe icheze. Cheza vile mimi ningecheza, mpaka msimu uishe.'"

Kule nyumbani, buti za Munyi bado zilikuwa mlangoni na tope la shamba, na nilikuwa nimemfokea dada yake kwa kutaka kuziosha. Nilifunika uso na kitambaa. Angeline hakunigusa, na nilimshukuru kwa hilo.

"Lakini wewe ulikuwa unashindana naye," nilisema baadaye.

"Namba mbili ni mimi. Namba moja ni yeye. Kila wiki napanga timu yangu, halafu napanga yake, na yake naipanga vizuri zaidi. Munyi amenishinda na mkono wangu mwenyewe."

Alifungua timu ya Munyi kwenye simu yake, akanisogezea. Picha za jezi ndogo ndogo, majina chini yake. Niliyajua baadhi, kwa sababu Munyi alikuwa akiyataja mezani kama majina ya majirani. Mmoja alikuwa benchi, na alama nyekundu kando ya jina.

"Huyu si ndiye alikuwa anamwita Fundi?"

"Ndiye."

"Hii nyekundu ni ya nini?"

"Aliumia goti mwezi wa pili. Hachezi tena msimu huu."

"Hachezi kabisa?"

"Kabisa."

"Na anakaa hapa anafanya nini?"

Angeline aliangalia mashine yake ya kopi.

"Beki umeuza," nilisema. "Kapteni umebadilisha. Huyu hachezi tangu mwezi wa pili, na bado ako. Mbona?"

"Munyi alimchukua msimu wa kwanza kabisa tukiwa hapa chuoni. Kila mwaka ndiye wa kwanza kuandikwa. Kila Ijumaa nafungua nikisema leo namtoa. Siwezi, Wambeti. Nimejaribu. Siwezi."

Basi Munyi, na mipango yake yote ya mbali, hapo alikosea. Alimtafuta mtu ambaye mkono wake hautatetemeka, na akampata mwanamke aliyekuwa anaomboleza kama mimi, ila yeye hakuwa na mahali pa kulilia.

"Leo dedlaini ni saa ngapi?"

"Saa saba."

"Nionyeshe vile mtu anauzwa."

Aliniangalia. "Una uhakika?"

"Nionyeshe."

Alinionyesha. Nikabonyeza Fundi, na nafasi yake ikabaki wazi, jezi ya kijivu bila jina.

"Sasa tunaweka nani?"

Angeline alipangusa macho na mkono wa sweta, na ghafla akawa mtu wa kazi. "Kuna huyu, kila mtu anamkimbilia kwa sababu alifunga juzi. Lakini angalia mechi zake za mbele, ni milima mitupu. Halafu kuna huyu kijana wa pembeni. Hana jina, lakini wiki nne zijazo anacheza na timu dhaifu."

"Munyi angechukua nani?"

"Munyi?" Alifikiri. "Munyi angengoja. Angeweka transfer akiba aangalie wiki moja zaidi."

"Munyi hayuko," nilisema.

Tangu Januari watu walikuwa wameniambia hayo maneno, pasta, daktari, wazee. Mimi mwenyewe sikuwa nimeyasema.

"Chukua huyu kijana," nikamwambia, na nikabonyeza mwenyewe.

Kisha nikachukua simu ya Munyi, nikaandika kwenye kundi lao:

"Naitwa Wambeti, mke wa Munyi. Timu yake inaendeshwa na Angeline, kwa sababu Munyi alimwomba. Leo tumeiendesha pamoja. Naomba muiache mpaka msimu uishe."

Halafu:

Kiunga: "Shemeji, sisi ni nani? Timu inakaa. Pole sana, na utusamehe maneno yetu."

Misheck: "Angeline, kumbe ni wewe umekuwa ukijichapa mwenyewe? Hiyo nayo ni roho!"

Simu ikaita papo hapo. Alikuwa Mutegi; rafiki yake mmoja aliye kwenye kundi alikuwa ameshampigia.

"Shem, umeandika nini huko? Unamsafisha yule mwanamke mbele ya watu?"

"Siwezi kumsafisha mtu ambaye si mchafu. Wewe ndiye utarudi kwa Mama umwambie ulichosema hakikuwa kweli."

"Umejuaje si kweli?"

"Kwa sababu nimemuuliza. Wewe ulimuuliza nani?"

Akakata.

Baada ya hapo Ijumaa zilikuwa zetu. Angeline alinipigia, mimi nikiwa jikoni, yeye akifunga vitabu vya wanafunzi. Wildcard tuliitumia pamoja zile wiki za mechi mbili, na tulibishana mpaka nikasahau kugeuza chapati. "Wewe unauza watu kama mtu mwenye haraka ya kukimbilia shamba," aliniambia. Nikamwambia wewe unawaweka kama kuku aliyelalia mayai. Siku zingine hatukuongea mpira hata kidogo.

Msimu uliisha mwisho wa Mei. Kiunga ndiye alishinda. Zile wiki Fundi alikaa benchi bure zilitugharimu, na hatukumlaumu mtu.

Jumapili iliyofuata Angeline alikuja Embu. Mimi ndiye nilimwita. Aliingia ameshika sukari na mkate kwa mikono miwili, akasimama mbele ya mama mkwe kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Wewe ndiye wa ile simu?"

"Ni mimi, Mama."

"Uliogopa kuja kuzika."

"Niliogopa."

Mama alimpokea sukari na mkate. "Keti. Kwanza ule."

Mutegi, kwenye kona, alinung'unika na chai yake. "Sasa kila mtu aliyempenda marehemu tutamchinjia kuku."

"Huyu ni mgeni wangu, Mutegi," nilisema. "Ukiwa na neno, niambie mimi."

Baadaye Mutegi alitafuta chumvi, akamsogezea Angeline bila kuinua macho.

Tulipomaliza kula nilimpeleka chini ya shamba. Nyasi zilikuwa zimeota juu ya udongo, na msalaba ulikuwa umeinama kidogo kwa mvua. Angeline alisimama mbali, mikono ndani ya mifuko ya sweta.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie vile mlimaliza."

"Wewe utakuwa hapa?"

Nilimtazama. Kulikuwa na wakati ningekaa hapo hapo, nikihesabu kila neno.

"Kuna chai ya kuweka," nilisema.

Nilipokuwa napanda nilimsikia akianza, polepole, "Munyi, tumekuwa wa tatu. Kiunga amechukua, na hatutalala na kelele zake..." Sikugeuka.

Jikoni mama mkwe alikuwa anaosha vikombe.

"Yule msichana ako wapi?"

"Ako kwa Munyi."

"Umewaacha peke yao?"

"Nimewaacha, Mama," nikasema, nikaongeza maji kwenye sufuria ya chai yasikauke, kwa sababu niliona hatarudi mapema.