Nilikata Waya Uliokuwa Ukimlinda Mke Wangu

Nina umri wa miaka arobaini na mbili. Mimi ni fundi mwashi, na nyumba nilizojenga hapa Mwanza sizikumbuki idadi. Naishi Buswelu, siku hizi peke yangu... na kosa ni langu. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanihukumu.

Mke wangu anaitwa Kabula. Tulipooana alikuwa akiuza vocha. Mimi ndiye niliyemsomesha chuo cha ufundi, akasomea umeme. Wenzangu wa kazini walinitania kwamba nawasomeshea wanaume wengine. Nilicheka nao, lakini maneno yale yalinikaa moyoni kama mchanga ndani ya kiatu.

Alipomaliza, alipata kazi kwenye kampuni ndogo inayofunga vitambuzi vya kuangalia uimara wa majengo. Jengo la kwanza alilopangiwa lilikuwa la ghorofa tatu, pale Kirumba. Nililijenga mimi! Kiwanja cha jirani walikuwa wakipasua mawe na kuchimba msingi mkubwa, na mama mwenye jengo akaingiwa na wasiwasi.

Basi wakabandika kwenye nguzo na kuta waya mwembamba, ambao ndani yake mna uzi wa kioo usiozidi unywele. Kabula alinieleza siku hiyo akisonga ugali, macho yakimng'aa.

"Mwanga unapita humo ndani, Baba Kulwa. Nguzo ikivutika hata kidogo, kiasi ambacho jicho halioni, mwanga unabadilika na mashine inatuambia."

"Mimi nyufa nazijua kwa macho," nikamjibu. "Sihitaji mwanga uniambie."

Alicheka. Mimi sikucheka. Je, nilimsomesha ili aje alijue jengo langu kuliko mimi?

Halafu kulikuwa na mkuu wake, Injinia Bwire, mtu wa Musoma, mrefu, mwenye sauti ya upole. Kila habari ya Kabula ilianza na jina lake. Injinia kasema hivi, Injinia kaonyesha vile... Siku moja nilipita Kirumba nikawaona. Kabula yuko juu ya ngazi, Injinia ameishika ngazi kwa chini, na mke wangu anacheka kicheko ambacho nyumbani nilikuwa sijakisikia muda mrefu. Niliondoka bila kuwasalimia. Kifua kilikuwa kinawaka!

Tangu hapo sikuwa na amani. Alipopaka mafuta, niliuliza anampakia nani. Alipochelewa, nilinuna. Nilianza kupekua simu yake akiwa anaoga. Ndiyo, mimi, baba wa watoto wawili, nilisimama nyuma ya mlango nikipekua simu kama mwizi.

Jumanne moja nikakuta ujumbe wa Injinia: "Leo imeongezeka tena. Njoo mwenyewe kesho mapema. Usimwambie mtu kwanza."

Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngefikiri nini? Niliona giza. Nini kimeongezeka kama si mapenzi? Kwa nini nisiambiwe mimi mumewe? Sikumuuliza. Laiti ningemuuliza!

Siku ya pili yake, saa ya chakula cha mchana, nilikwenda Kirumba na koleo langu dogo la kukatia waya mfukoni. Mlinzi ananijua, akanisalimia akaniacha nipite. Pale chini ya ngazi za kupandia ghorofani, nyuma ya nguzo, niliukuta ule waya. Nikasema moyoni, hiki ndicho kinachowakutanisha kila siku, nione kesho watakutana kwa lipi! Nikaukata. Kazi ya sekunde moja tu. Nilitoka pale najiona nimeshinda.

Asubuhi ya Alhamisi Kabula alikuwa anafunga kamba za viatu. Akaniambia, "Waya umekatika mahali, labda panya. Tangu jana mashine haisomi kitu. Nakwenda kuutafuta."

Maneno yalinifika kwenye ulimi. Ningesema tu, usiende, ni mimi nimekata... Lakini nilinyamaza. Nilikunywa chai yangu. Aliaga, na mimi sikumwitikia.

Saa nne simu ikaita. Ukuta wa ngazi ulikuwa umeporomoka. Wapangaji wengi walikuwa wametoka kwenda kwenye shughuli zao, Mungu ni mwema. Aliyekuwa amepiga magoti pale chini akitafuta mahali waya ulipokatika alikuwa mmoja... Kabula wangu!

Hospitali nilimkuta Injinia amekaa sakafuni, shati limejaa vumbi, analia. Aliniomba msamaha. Yeye ananiomba mimi msamaha! Akanieleza kwamba ile nguzo ya ngazi ilikuwa inavutika kila siku zaidi. Ndicho kilichokuwa kimeongezeka. Alitaka Kabula ahakikishe vipimo kabla ya mwenye jengo kuambiwa, wapangaji wasije wakakimbia ovyo. Jumatano jioni wangesoma mara ya mwisho na kuwatoa watu wote. Lakini mchana mashine ikanyamaza, wakadhani ni hitilafu ndogo.

Nikakaa pale pale sakafuni, ubavuni mwake.

Madaktari walimkata Kabula mguu wa kushoto, chini ya goti. Alipopata nafuu nilimwambia ukweli wote, kuanzia simu hadi koleo. Hakupiga kelele.

"Ungeniuliza tu, Baba Kulwa," alisema. "Ningekuonyesha."

Nilikwenda mwenyewe kituoni kutoa maelezo, na kesi bado inaendelea. Kabula alipotoka hospitali alichukua watoto akarudi kwao Bujora. Nilimfuata. Mama mkwe alisimama mlangoni. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, ila hakunikaribisha ndani. Nilisikia magongo ya Kabula yakigonga sakafu, yakija karibu... kisha yakarudi nyuma.

Wasomaji wenzangu, hasa wanaume, wivu unajifanya ni mapenzi, lakini ni uongo! Ukiwa na shaka na mwenzako, muulize mchana kweupe, jibu likuume ukiwa bado na nyumba. Na kama umeshakosea, sema mapema. Kukata waya ni dhambi yangu, lakini kinachoninyima usingizi ni ile chai niliyokunywa kimya huku mke wangu akitoka mlangoni.