Hesabu ya Lango la Zahanati

Kila asubuhi kabla ya shule, Kalkuleta humvusha bibi yake barabara hadi lango la zahanati, anakosafishwa kidonda cha mguu. Bibi huinua fimbo kama askari wa usalama barabarani, na madereva hupiga honi kana kwamba fimbo imewatukana.

Jina la Kalkuleta alipewa na darasa zima, kwa kuwa hupata jibu kabla mwalimu hajamaliza kuandika swali. Kwa hiyo kaka yake, mwanafunzi wa chuo kikuu, alipotaka mtu wa kuhesabu, hakwenda mbali. Manispaa iliwaomba yeye na wenzake wachore upya barabara ile: iwe na njia ya baiskeli, miti ya kivuli na vivuko vitatu vya waenda kwa miguu, pale wanapovuka watu wengi.

"Jumamosi kaa langoni, saa tatu hadi saa sita," kaka alimwambia. "Anayevuka, mstari mmoja. Usikisie."

"Mimi nikisie? Kwani hunijui?"

"Nakujua. Ndiyo maana nasema."

Jumamosi hiyo, Kalkuleta alikuwa amechora mistari tisa tu marafiki zake walipopita na kamba ya kuruka. Akaenda nao nyuma ya duka la fundi cherehani, dakika tano tu. Aliporudi ilikuwa saa sita kasorobo. Akaandika haraka: saa ya kwanza tisa, ya pili nane, ya tatu kumi. Namba zikakaa kwa adabu, kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

Ijumaa iliyofuata, kaka alileta nyumbani mfano wa barabara uliotengenezwa kwa maboksi. Ulijaa meza nzima.

"Mji umetunyang'anya meza," baba alisema, sahani ikiwa magotini.

Kalkuleta aliitafuta zahanati, akaiona. Lakini mbele yake hapakuwa na kivuko. Cha karibu kilikuwa kule kwenye kituo cha mafuta.

"Mbona hapa hakuna?"

"Watu ishirini na saba asubuhi nzima," kaka alijibu. "Si hesabu yako? Jumatatu tunawasilisha kwa mhandisi."

Bibi aliinama, akapima njia kwa kidole. "Basi nitazunguka huko. Nikitoka leo, nitafika keshokutwa." Akacheka, lakini mkono wake ulikuwa ukipapasa goti.

Kalkuleta alisukuma kikombe cha chai kando. "Kaka, nilihesabu tisa tu. Nyingine nilizitunga. Nilikwenda kuruka kamba."

Kaka aliweka gundi chini. "Wenzangu sita wamechora wiki nzima wakizitegemea namba zako."

"Najua. Niache nihesabu upya kesho."

Kaka alichukua simu kuwaeleza wenzake.

Jumamosi, Kalkuleta alikaa langoni na kaka yake, kila mmoja na daftari lake. Marafiki walipita na kamba.

"Leo siendi hata mkinibeba," aliwaambia.

Walivuka akina mama na watoto mgongoni, na mzee mwenye bandeji kichwani. Bibi naye akavuka. Akafika, akageuka, akaanza kurudi.

"Bibi, umesahau kitu?"

"Hapana. Naongeza mistari."

"Hiyo ni kudanganya, Bibi. Siandiki."

Kufikia saa sita, madaftari yote mawili yalisema watu mia mbili na kumi na wanne.

Jumatatu jioni kaka aliingia na ule mfano wa maboksi, akitabasamu mpaka masikioni. Mhandisi alikubali: kivuko kimoja kinahamia zahanati. Kalkuleta alikimbia kubandika mwenyewe vipande vya karatasi nyeupe mbele ya lango la boksi.

Bibi alimvuta karibu. "Mjukuu wangu, namba ikiwa kwenye karatasi inafutika. Ikishamwagiwa lami, wanaoumia ni wenye miguu kama yangu. Ukipewa kazi, ifanye yote. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema."

"Ndiyo, Bibi."

"Na ule mstari wangu mlioukataa?"

"Bado tunaukataa," Kalkuleta na kaka yake walijibu kwa pamoja.